Timu ya Chuo Ipewe Msimu Wake

Vyuo vya Ifakara vinapofunguliwa, vijana hukusanyika uwanjani jioni, huchagua kapteni wao, huchangishana shilingi za kununua mpira, na kuanza mazoezi kwa furaha. Haupiti muda mrefu mvua huanza, uwanja hugeuka bwawa, masomo huwa mazito, na timu hutawanyika. Baadaye, nauli ikipatikana, wachezaji wachache hupakiwa katika gari na kupelekwa mji wa mbali kwenye mashindano ya vyuo, wakacheza siku chache na kurudi. Wakirudi na kombe hupigwa picha pamoja na wakuu. Wakirudi mikono mitupu hakuna anayewauliza habari. Hayo yote huitwa msimu wa timu ya chuo.

Sisi twaona kuwa hiyo ni safari tu, na safari haistahili kuitwa msimu. Msimu ni jambo la wiki hata wiki. Timu hushinda leo, hufungwa Jumapili ijayo, hujirekebisha, kisha hukutana tena na yule aliyeifunga. Watu wa mji huzijua sura za wachezaji, huwapa majina ya utani, huwakosoa sokoni na kuwasifu kwenye foleni ya mashine ya mpunga. Mlinda mlango aliyefungwa bao la uzembe hukumbushwa bao lile na mama anayemuuzia mchicha. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Timu ya chuo cha Ifakara haichezi kwao. Hucheza ugenini mbele ya wageni, na wenyeji wa Bonde la Kilombero, ambao ndio wenye chuo, hawaioni.

Wako watakaouliza kwa nini gazeti la Chama lipoteze wino kwa mpira wa wanafunzi, wakati wakulima wana shida ya bei ya mpunga na wafanyakazi wana shida zao za mishahara. Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu. Mwezi wa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba elimu tuliyorithi kwa wakoloni iliwatenga wanafunzi na jamii iliyowalea, ikawafanya wajione watu wa daraja jingine. Mwaka huo huo ndipo Bunge lilipopitisha Sheria Namba 12 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Kwetu sisi mambo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Taifa lililokuwa likibomoa ukuta kati ya msomi na mkulima liliona pia kuwa michezo ni kazi ya umma. Leo ukuta ule unajengwa tena kimya kimya, tofali juu ya tofali, na mahali pepesi pa kuanzia kuubomoa ni uwanja wa mpira.

Tuutazame mji wenyewe. Ifakara ni mji wa mpunga, lakini pia ni mji wa tiba na elimu, na heshima hiyo haikuipata jana. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walijenga hapo kazi ya hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, na maabara hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana ulimwenguni. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru huku madaktari wazalendo wakihesabika kwa vidole, kilianzishwa hapo kituo cha kuwafundisha waganga wasaidizi. Mwaka 2010 kikafunguliwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko cha sayansi za afya. Mji huo una pia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mtoto wa mpango ule wa mwaka 1975 uliotaka mtu mzima wa kijijini naye apate mahali pa kujifunza ufundi na uraia.

Basi katika mji mmoja wako vijana wanaosomea udaktari, uuguzi, maabara, useremala, ushonaji na kilimo. Wametoka Kagera na Mtwara, Kilimanjaro na Katavi. Daktari mwanafunzi huweza kukaa Ifakara miaka mitano bila kuzungumza na mkulima wa Bonde mahali popote ila wodini, yeye akiwa amesimama na mkulima akiwa amelala. Je, atamjua vipi? Mwanafunzi huyo akicheza Jumapili na mtoto wa mkulima yule, akachezewa rafu, akaanguka, akanyoshewa mkono na kuinuliwa, Jumatatu wodini atakuwa mtu mwingine. Atauliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza habari za homa. Hakuna mhadhara unaoweza kumfundisha jambo hilo kwa wepesi kama huo.

Sasa tuseme juu ya kizuizi cha kwanza, nacho ni maji. Bonde la Kilombero ni mojawapo ya mabonde makubwa ya mafuriko katika Afrika Mashariki. Eneo lake lenye majimaji, karibu kilometa za mraba 8,000, liliwekwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Maji hushuka kutoka milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, hujaza uwanda, kisha huelekea Rufiji. Maji hayo ndiyo yanayotupatia mchele wa Kilombero unaosifiwa hata Dar es Salaam, kwa hiyo hatuwezi kuyalaumu. Lakini yafaa tukumbuke kilichotokea Aprili 2024, mito ilipofurika na kuwatesa wananchi wa Ifakara, Mlimba na Malinyi. Mwezi kama huo hakuna mtu mwenye akili anayefikiria kandanda.

Kosa letu ni kuyapangia maji ratiba badala ya kuyaacha maji yatupangie. Vyuo vikuu hufunguliwa karibu na Oktoba au Novemba na kufungwa karibu na Julai. Masika hushika Bonde Machi hadi Mei. Mpunga huvunwa kuanzia Mei na kuendelea, na katika kiangazi miwa ya Kidatu hukatwa na viwanda vya sukari husaga usiku na mchana. Mtu akiziweka kalenda hizo juu ya meza moja ataona mara moja kuwa zipo nafasi mbili njema za mpira. Ya kwanza ni kutoka vyuo vinapofunguliwa hadi katikati ya Desemba. Ya pili ni mwezi wa Juni na mwanzo wa Julai, ardhi ikiwa imekauka na mkulima akiwa na mpunga ghalani na moyo mweupe. Mzunguko wa kwanza uchezwe katika nafasi ya kwanza, wa pili katika ya pili, na katikati yake timu ipumzike bila kufa. Na fainali ichezwe Saba Saba, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Wakuu wa vyuo watasema mitihani iko karibu. Twawajibu kuwa tarehe inayojulikana mwaka mzima mapema haiwezi kumshangaza mtu yeyote, wala mchezo wa dakika 90 haujamfelisha mwanafunzi aliyesoma.

Kizuizi cha pili kilikuwa njia, na hicho sasa kimekwisha kuondolewa kwa fedha ya wananchi na misaada ya marafiki. Wazee wa Bonde wanakumbuka jinsi watu wa Ulanga walivyokuwa wakisubiri kivuko katika Mto Kilombero, wagonjwa na mizigo pamoja, na jinsi kivuko cha MV Kilombero II kilivyozama Januari 2016. Mwaka 2018 daraja la mita 384 lilifunguliwa, na tangu hapo mtu wa Lupiro au Mahenge huvuka wakati wowote apendao. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilometa 66.9, iliyokuwa vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, sasa ni ya lami. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, hupita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Kwa hiyo yule anayesema timu ya Kidatu haiwezi kufika Ifakara kucheza Jumapili na kurudi jioni hiyo hiyo anasema habari za zamani.

Hapa ndipo tunapowageukia wafanyakazi. Timu ya chuo haiwezi kuwa na msimu peke yake. Inahitaji wapinzani, na wapinzani bora ni ninyi. Bonde lina wafanyakazi wa sukari Kidatu na Ruembe, wafanyakazi wa umeme katika mabwawa ya Kidatu na Kihansi, wafanyakazi wa reli Mlimba, wauguzi na wahudumu wa hospitali, walimu, madereva, na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa kule Chita. Mpira wa nchi hii ulikuzwa na watu wa namna hiyo. Mkoa huo huo wa Morogoro ulituonyesha njia mwaka 1975, pale Mseto ilipokuwa klabu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kuutwaa ubingwa wa ligi ya Taifa, ligi iliyokuwa imeanza mwaka 1965. Kisha Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa ya Turiani, ikawa bingwa wa nchi mwaka 1999, na mwaka 2000 ikarudia. Hawakuwa na uwanja wa dhahabu. Walikuwa na kazi, nidhamu, na watu waliowajali.

Tunajua kazi za zamu zina taabu zake. Mkata miwa hana nguvu za kukimbia baada ya kutwa nzima juani, na mwanafunzi wa uuguzi aliyekesha wodini hawezi kuruka juu kupiga kichwa. Kwa ajili hiyo twapendekeza ligi ndogo, timu nane au zisizozidi hizo, mchezo mmoja kwa timu kwa wiki, na vikosi vipana ili aliye zamu ampishe mwenzake. Heri ligi ndogo inayomalizika kuliko ligi kubwa inayokufa Novemba.

Liko jambo jingine ambalo watu wa Ifakara wanalijua kuliko watu wote, nalo ni mbu. Bonde hili limekuwa mahali pa utafiti wa malaria kwa miaka mingi. Huko ndiko chanjo ya SPf66 ilikojaribiwa katika miaka ya 1990, na huko ndiko ulikofanyika mpango mashuhuri wa kueneza vyandarua. Vyandarua viliokoa watoto wengi, lakini watafiti wa hapo hapo wametufundisha kuwa wako mbu wanaouma nje ya nyumba, tena mapema jioni kabla watu hawajalala. Mazoezi yanayoanza saa kumi na moja na nusu na kwisha gizani ni karamu ya mbu. Yaanze saa kumi, yaishe kabla ya saa kumi na mbili. Chuo kinachofundisha kinga ya malaria darasani kisiwapeleke wachezaji wake kuumwa na mbu uwanjani. Na kwa kuwa waganga wanafunzi wako karibu, kila mchezo uwe na mtu mwenye sanduku la huduma ya kwanza, awatibu wote, wa chuo na wa kiwanda, bila kubagua.

Hatuwezi kupita bila kuwataja wasichana. Katika vyuo vya maendeleo ya wananchi nchini umeendeshwa mpango uitwao Mpira Fursa, kwa ushirikiano wa shirika la Karibu Tanzania na Shirikisho la Mpira wa Miguu, ili wasichana wapate kucheza, kufundisha na kuchezesha mpira. Vyuo hivyo vimewapokea pia kina mama vijana waliokatishwa masomo kwa ajili ya uzazi, hata kabla ya Serikali kufungua tena milango ya shule kwa wasichana hao Novemba 2021. Msichana aliyeambiwa kuwa maisha yake yamekwisha akiwa na umri wa miaka 17, kisha akavaa jezi namba tisa mbele ya mji mzima na kufunga bao, amepata hati ya uraia isiyohitaji mhuri. Ligi ya Bonde iwe na mchezo wa wasichana kila Jumapili kabla ya ule wa wavulana, katika uwanja huo huo, na kwa mpira ule ule mzima. Wasipewe mpira uliopasuka wala uwanja wa pembeni.

Sasa twafika kwenye kiini cha neno letu, nacho ni uwanja. Timu huweza kucheza bila jezi na hata bila viatu, lakini haiwezi kucheza bila ardhi. Miji yetu inakua, na Ifakara inakua kwa haraka. Kila mahali katika nchi hii tumeona kiwanja cha michezo kikimegwa: kwanza kibanda kimoja pembeni, kisha ukuta, kisha nyumba, na mwisho watoto wanacheza barabarani. Kiwanja kisichokuwa na mipaka wala hati kimekwisha kuwa cha mwenye nguvu, hata kama bado kina magoli. Chama chetu ni mmiliki wa viwanja vikubwa vingi vya mpira, kuanzia Jamhuri ya Morogoro hadi Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya na Majimaji ya Songea. Viwanja hivyo vilijengwa kwa jasho la wananchi, nacho Chama kina wajibu wa kuonyesha mfano. Hakiwezi kulilia uwanja mkubwa wa mkoa na kunyamaza uwanja mdogo wa kata unapoliwa. Matawi ya Chama katika Bonde yaandike orodha ya kila kiwanja, yatembee mipaka yake pamoja na wazee, na kudai katika vikao vya halmashauri vipimwe na kupewa hati. Diwani atakayeshindwa kukitetea kiwanja cha kata yake aulizwe sababu katika mkutano wa hadhara.

Tuliwahi kuona matokeo ya kuudharau mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa kwa miaka kadhaa. Taifa Stars, iliyokuwa imecheza fainali za Afrika kule Lagos mwaka 1980, haikurudi katika fainali hizo hadi mwaka 2019. Hatusemi kuwa sababu ilikuwa moja tu. Twasema mti usiomwagiliwa maji katika shina hauzai katika tawi. Na mwaka 2023 Afrika ilipotukabidhi sisi, Kenya na Uganda uenyeji wa fainali za 2027, ilitukabidhi pia swali: katika viwanja hivyo vipya watacheza vijana waliolelewa wapi?

Kule Marekani vyuo huchukua mpira kwa uzito mkubwa mno. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake hupokea watazamaji zaidi ya 100,000 kuangalia mpira wao wa kushika mikononi, na fedha inayozunguka hapo huwafanya wanafunzi kuwa kama bidhaa. Hatutamani hayo. Lakini kuna jambo moja wanalotushinda nalo: mtu wa mji ule, hata ambaye hakusoma hata siku moja katika chuo kile, huiita timu ile yake. Jambo hilo halinunuliwi kwa dola. Hupatikana kwa timu kuonekana nyumbani, mwaka baada ya mwaka, ikishinda na ikishindwa mbele ya watu wake.

Basi wito wetu ni huu. Wakuu wa vyuo vya Ifakara wakutane na viongozi wa chama cha mpira cha wilaya na wa vyama vya wafanyakazi kabla ya vyuo kufunguliwa, watoke na ratiba moja iliyofuata maji na mavuno. Waajiri wa Bonde watoe gari Jumapili, kwani magari yapo. Wafanyakazi waunde timu zao na wasiogope kufungwa na wanafunzi, wala wanafunzi wasione haya kufungwa na wakata miwa. Wananchi wa Ifakara wajae uwanjani. Na Chama kilinde ardhi ya michezo kama kinavyolinda bendera.

Hayo yakifanyika, timu ya chuo inaweza kumaliza msimu bila kombe lolote, na bado ikawa imelitumikia Taifa. Daktari atakayehitimu hapo atakwenda zahanati ya mbali akijua kuwa mkulima ni mtu aliyewahi kumfunga bao, na mkulima atamwita kwa jina lake la uwanjani. Umoja wa namna hiyo ndio tuliokuwa tukiutafuta tangu mwaka 1967, na uwanja wa kuuchezea bado upo, ila usipowekewa mipaka mapema hautakuwapo mwaka kesho.